Kipimo cha Urefu Kifundishwe Uwanjani

Miongoni mwa mada za hisabati zinazofundishwa katika shule zetu za msingi, hapana inayoonekana nyepesi kama vipimo vya urefu, na pengine hapana inayofundishwa kwa uvivu kama hiyo. Mwalimu huandika ubaoni kwamba milimita 10 ni sawa na sentimita 1, sentimita 100 ni sawa na mita 1, na mita 1,000 ni sawa na kilomita 1. Watoto huitikia kwa pamoja, hunakili, kisha hupewa maswali kumi ya kugeuza mita kuwa sentimita. Wengi huyapata yote. Mwalimu hutia vema, huandika katika azimio lake la kazi kwamba mada imekamilika, na kesho yake huingia katika uzani.

Lakini mwulize mtoto huyo huyo aliyepata kumi kwa kumi: kutoka mlango wa darasa mpaka kwenye mwembe ule ni mita ngapi? Mmoja atasema tano, mwingine mia tatu, na wa tatu atakutazama tu, kwa kuwa hajapata kuulizwa swali la namna hiyo. Mtoto huyo hakujifunza urefu. Amejifunza kuzidisha kwa 100, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Hasara yake haiishii darasani. Mtoto asiyeijua mita kwa macho na mikono yake ndiye mtu mzima atakayepunjwa kitambaa dukani asijue. Ndiye atakayeambiwa kupanda mahindi kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na sentimita 30 kati ya mashina, akapanda kwa kubahatisha. Ndiye atakayesimama kwenye mpaka wa kiwanja cha marehemu baba yake huku wengine wakinyosha kamba, naye hana la kusema kwa sababu hajui kama kamba imenyoshwa kwa haki. Kipimo ni ulinzi wa mnyonge. Basi tukikifundisha kwa maneno matupu, tunamnyima mnyonge ulinzi wake.

Rai ya makala haya ni kwamba urefu ufundishwe kwanza nje, uwanjani, kwa watoto kurusha vitu na kupima walikovifikisha. Na kwamba rula na daftari vifuate baadaye. Sisemi kwamba michezo ni kitulizo cha watoto waliochoka. Nasema kwamba kurusha huzaa swali ambalo ubao hauwezi kulizaa.

Swali Linalotoka kwa Mtoto Mwenyewe

Tazama watoto wakati wa mapumziko. Wasichana wanacheza rede, wavulana wanashindana kurusha magunzi ya mahindi ng'ambo ya njia. Haupiti muda mrefu kabla ya ugomvi kuzuka: "Langu limefika mbali!" "Langu limepita lako!" Ugomvi huo ni hazina kwa mwalimu. Mtoto anayesema hivyo anataka kujua urefu, na anataka kuujua kwa dhati, kwa kuwa heshima yake imo ndani yake. Linganisha na swali la kitabu linalomtaka apime mstari uliochapwa ukurasani. Nani aligombea urefu wa mstari ule? Hakuna. Mtoto huupima kwa kuwa ameamriwa, na akikosea hakuna mwenzake atakayebisha.

Kipimo kilizaliwa na ubishi. Wazee wetu wa pwani walipima kwa mwili: wanda ulikuwa upana wa kidole, shibiri ilitoka ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimetanuliwa, mkono, au dhiraa, ulitoka kisukusuku mpaka ncha ya kidole cha kati, na pima ilikuwa mikono miwili iliyonyoshwa kulia na kushoto. Shibiri mbili zilifanya mkono mmoja, na mikono minne ikafanya pima moja. Vilikuwa vipimo vizuri, vyepesi kukumbukwa. Ila kasoro yao ilikuwa moja, kwamba mkono wa muuzaji si mkono wa mnunuzi. Ulaya nako kila mji ulikuwa na kipimo chake, mpaka Wafaransa walipobuni mita katika miaka ya 1790 na kuifanya sehemu moja ya milioni kumi ya umbali kutoka Ncha ya Kaskazini mpaka Ikweta. Mwaka 1875 mataifa 17 yalitia sahihi mkataba wa mita huko Paris. Tangu mwaka 1983 mita hukadiriwa kwa mwendo wa mwanga, ili isiwe mkono wa mtu yeyote wala fimbo ya nchi yoyote. Mtoto anapaswa kuipita njia hiyo hiyo, kutoka ubishi mpaka kipimo cha wote. Nayo inaweza kupitwa kwa vipindi vinne.

Vipindi Vinne

Katika kipindi cha kwanza, usitaje mita kabisa. Chora mstari kwa majivu, wape watoto magunzi au vifuko vidogo vya kitambaa vilivyojazwa punje za mahindi, warushe, na kila mmoja achomeke kijiti penye alama yake. Kisha uliza: tutajuaje lipi limefika mbali zaidi bila kutazama tu? Wape uzi mrefu. Watauvuta kutoka mstarini mpaka kwenye kijiti cha kwanza, watashika mahali ulipofikia, kisha wataupeleka kwenye kijiti cha pili. Hapo wamelinganisha urefu bila tarakimu hata moja.

Uzi huo una faida nyingine ambayo walimu wengi hawaioni. Mtoto mdogo hudhani kwamba urefu ni sifa ya kitu, yaani fimbo ni ndefu na kamba ni ndefu. Lakini nafasi tupu kati ya mstari na gunzi, kwake, si kitu. Uzi ukinyoshwa katika nafasi ile, utupu hupata mwili, na mtoto hutambua kwamba umbali si kitu kingine bali ni urefu wa mstari ulionyoka kati ya mahali pawili. Mtaalamu wa Uswisi, Jean Piaget, pamoja na wenzake, alionyesha katika kitabu chao cha mwaka 1948 kuhusu jiometri ya watoto kwamba mtoto mdogo, akionyeshwa vijiti viwili vilivyo sawa kisha kimoja kikasogezwa mbele, husema kile kilichosogezwa kimekuwa kirefu zaidi. Huyatazama mahali ncha ilipofikia, wala hatazami mahali mwanzo ulipo. Mrusho kutoka mstari mmoja humlazimisha mtoto kutazama ncha zote mbili, kwa kuwa akivuka mstari wenziwe watapiga kelele kabla mwalimu hajanena.

Katika kipindi cha pili, wapime kwa miguu yao. Mrusho mmoja upimwe na watoto watatu na mwalimu. Mtoto wa kwanza atahesabu, tuseme, hatua 14, wa pili 12, mwalimu 9. Usiharakishe kueleza. Waache wabishane: je, gunzi limesogea? Watafika wenyewe kwenye jawabu kwamba gunzi halikusogea, bali hatua ndizo zisizolingana. Nao watagundua jambo la ajabu kidogo, kwamba hatua iliyo ndefu hutoa hesabu ndogo. Jambo hilo litawafaa sana baadaye, watakapojiuliza kwa nini mita 7 huandikwa kwa sentimita 700.

Katika kipindi cha tatu ndipo mita iingie, nayo iingie kama mwamuzi aliyeitwa na wagombanao. Kila kundi liwe na fito moja iliyokatwa kwa mita moja kamili. Kama shule haina rula ya mita, azima futi kamba ya fundi cherehani, ambayo kwa kawaida ina sentimita 150, upate kukatia fito zako. Watoto walaze fito mwisho kwa mwisho kutoka mstarini. Simama uangalie makosa, kwa maana hapa ndipo penye somo: mmoja ataacha pengo kati ya fito na fito, mwingine atapandisha ncha juu ya ncha, wa tatu atapinda njia, apate mita nyingi zaidi kuliko zilizopo, wa nne ataanza kuhesabu "moja" kabla hajalaza fito ya kwanza. Makosa hayo manne ndiyo yale yale anayoyafanya mtoto na rula yake darasani, ila kwenye rula yamejificha na uwanjani yanaonekana na watu wote.

Katika kipindi cha nne, shughulikieni masalio. Fito sita zimelala, na gunzi liko mbele kidogo, pasipotosha fito ya saba. Mtaandika nini? Sentimita hapo huja kwa haja. Kundi moja litaandika mita 6 sentimita 95, na jingine mita 7 sentimita 5. Uliza nani ameshinda. Wako watakaosema ni la kwanza, kwa kuwa 95 ni kubwa kuliko 5. Na wako watakaoandika mrusho wa pili kuwa mita 7.5. Warudishe uwanjani wakaone kwa macho kwamba mirusho ile miwili inatofautiana kwa sentimita 10 tu, takriban upana wa kiganja, na kwamba 7.5 ingekuwa karibu nusu mita zaidi ya mahali gunzi lilipoanguka. Mtoto aliyeliona hilo ardhini atajua kwa nini twaandika 7.05, na ile sifuri haitakuwa tena pambo la mwalimu.

Kamba na Sheria

Makundi yakishazoea fito, tengenezeni kamba ya mita 15. Kamba ya katani inafaa, lakini ivuteni kwa nguvu kwanza, kwa sababu kamba mpya hunyumbuka. Msiweke mafundo kuwa alama za mita, maana kila fundo hula kamba. Funga vipande vya kitambaa, rangi moja kwa kila mita na rangi nyingine kwa kila mita ya tano. Sifuri iwe alama ya kitambaa pia, wala isiwe ncha ya kamba, ambayo huchakaa na kupungua. Kila juma kamba ilinganishwe na fito, na watoto ndio wafanye kazi hiyo, wajifunze kwamba hata kipimo hupimwa.

Kabla ya kurusha, darasa litunge sheria zake. Gunzi likianguka kisha likabiringika, tunapima wapi? Likienda upande, tunapima vipi? Mtoto mmoja hakosi kuuliza kama tunapima pia njia ya juu hewani. Maswali hayo yote yamejibiwa na wanariadha. Katika kurusha mkuki na kutupa tufe hupimwa alama ya kwanza ya karibu iliyoachwa ardhini, wala si mahali kitu kilipotulia. Sifuri ya utepe huwekwa penye alama hiyo, na msomaji husoma upande wa mstari wa kurushia. Sentimita isiyotimia haihesabiwi, huachwa. Waambie watoto kwamba Julius Yego wa Kenya aliporusha mkuki mita 92.72 huko Beijing mwaka 2015 na kuwa bingwa wa dunia, ule .72 ulipatikana kwa sheria hizo hizo mnazozitumia na magunzi yenu. Kisha wapeleke wakaone mita 92 ni nini: sheria za soka huruhusu uwanja uwe na urefu wa mita 90, kwa hiyo mrusho huo ungetoka goli moja ukapita goli la pili.

Hoja za Wanaopinga

Hapana budi kuwasikiliza wanaopinga, kwa kuwa baadhi yao ni walimu wazoefu na hoja zao si za mchezo.

Wa kwanza husema kwamba darasa lina watoto 80 au zaidi, na ukiwatoa nje umeanzisha soko. Hoja hii ni ya kweli kama utawatoa bila mpango. Gawa makundi kumi ya watoto wanane, na kila mtoto awe na kazi: mrushaji, mlinzi wa mstari, mwenye kijiti, washika kamba wawili, msomaji, mwandishi na mhakiki anayesoma mara ya pili. Baada ya kila mrusho kazi zizunguke. Wote warushe kuelekea upande mmoja, kwa kipyenga. Wala asivuke mtu mstari kwenda kupima mpaka kipyenga cha pili kilie. Mawe, manati na kombeo ni marufuku. Mtoto mwenye kazi hana nafasi ya kupiga soga.

Wa pili husema kwamba mtihani haumwulizi mtoto mrusho wake, na muda ni mchache. Ni kweli kwamba vipindi vinne ni vingi. Lakini hesabu vipindi ambavyo mwalimu wa Darasa la Tano na la Sita huvitumia kurudia kugeuza mita kuwa sentimita, kueleza upya mzingo na eneo, na kusahihisha makosa ya desimali kwa watoto ambao hawakupata kuona sentimita moja ikisalia mbele ya fito. Muda unaouokoa katika madarasa ya chini utaulipa katika madarasa ya juu, tena kwa riba.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Wasema: kurusha ni mashindano ya nguvu, mtoto dhaifu ataaibika, na msichana atasukumwa pembeni. Nami naikubali hatari hiyo. Nimekagua masomo ya nje ambayo wavulana watatu warefu walirusha kipindi kizima, wasichana wakaachwa kuandika, na mtoto mwenye ulemavu wa mguu akapewa kazi ya kulinda mabegi. Hilo halikuwa somo la kipimo hata kidogo. Dawa yake ni kubadili ushindi wenyewe. Kabla ya kupima, kila mtoto akadirie mrusho wake na aandike kadirio lake. Baada ya kupima, atoe kidogo katika kikubwa. Mshindi ni yule ambaye tofauti yake ni ndogo kuliko zote. Aliyerusha mita 12 akadhani ni 20 ameshindwa kwa mita 8. Aliyerusha mita 4 na sentimita 30 hali ameketi kitini, akakadiria mita 4, amekosa kwa sentimita 30 tu, naye ndiye bingwa wa siku.

Kwa kanuni hiyo nguvu hazina faida, jicho ndilo lenye faida. Na jicho ndilo tunalotaka kulifunza. Kadirio humfanya mtoto abebe mita kichwani. Msaidie kwa kumpa vitu vya kulinganishia anavyovijua: kanga moja ni kama mita moja na nusu kwa urefu, nukta ya penalti iko mita 11 kutoka golini, na kati ya mlingoti na mlingoti wa goli kamili mna mita 7.32. Juma la pili utaona makadirio yakikaribia vipimo, nawe utakuwa umepata kumbukumbu za maendeleo zilizo bora kuliko vema za daftarini.

Kurudi Darasani

Asije mtu akanielewa kwamba nataka watoto wakae nje daima. Mrusho usioandikwa ni mchezo tu, na wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kila kundi lirudi na jedwali lake: kadirio, kipimo, tofauti. Hapo ndipo ubao unapopata kazi ya maana. Pangeni mirusho kutoka mfupi hadi mrefu, toeni, geuzeni mita kuwa sentimita, choreni grafu ya nguzo ambayo kila mraba ni nusu mita. Kisha waje wachukue rula na kupima penseli. Utawaona wakitafuta sifuri kabla ya kitu kingine chochote, kwa kuwa rula sasa ni kamba yao ya uwanjani iliyofupishwa. Na wakishajua mita na sentimita vema, wafundishe pia kwamba mafundi wetu bado hutaja mbao kwa futi na inchi, wasije wakapotea penye duka la mbao.

Ndugu mwanachuo, mazoezi ya kufundisha yatakapofika, usingoje mwalimu mkuu akupatie vifaa. Nenda na kamba yako ya katani, fito kumi, gunia la magunzi na kipyenga. Katika andalio lako la somo, penye sehemu ya zana, viandike vyote. Na penye lengo, usiandike "mwanafunzi aweze kujua vipimo vya urefu", kwa maana hilo halipimiki. Andika kwamba mwishoni mwa kipindi mwanafunzi aweze kukadiria umbali usiozidi mita 10 na kuupima kwa mita na sentimita. Kisha mtoe nje, ukamwone kama anaweza.